Jiwe Halikunona

Jiwe bado lina kilo mia na hamsini.
Nililipima mwenyewe Jumapili, kwa mizani ya ndama,
kwa sababu Baba aliapa kuwa limeongezeka.
"Linanyonya mvua," alisema. "Tazama lilivyonona."
Nikasoma namba. Nikanyamaza.
Halikunona.

Huku Leitza wanaume hunyanyua mawe
kama kwingine wanavyonyanyua glasi: hadharani, kwa dau.
Bixente, mwana wa mchoma makaa,
alilipandisha hili gotini, tumboni, kifuani,
likatulia begani kama mtoto aliyepitiwa na usingizi,
mara kumi na saba, mwaka niliozaliwa mimi.
Mama ndiye aliyeshika ncha ya mshipi mwekundu,
naye Baba akijizungusha ndani yake kama pia
mpaka kiuno kikawa boma.

Sasa chupa ya pilipili imemshinda.
Anaigonga mezani, anaitukana kwa Kibaski,
kisha anaiacha karibu na mkono wangu
kana kwamba ameisahau hapo.
Ninaifungua nikiwa nimempa mgongo.
Ndiyo adabu yetu mpya.

Kazi yangu ni darubini, Donostia, ghorofa ya tatu.
Wazee hutupa nyama ya paja, kadiri ya punje ya dengu,
tukaitia rangi, na seli iliyochakaa
hugeuka buluu.
Si maiti, elewa. Maiti ina heshima zake:
hubebwa, hufukiwa, huliliwa.
Hii imeacha kugawanyika, imeacha kazi,
ila haijaondoka.
Imekaa mlangoni, imevimba, inatema mate,
inawatia jirani homa ndogo isiyo na jina
hadi nao wakaketi.

Mgeni siku mbili; siku ya tatu mpe jembe.
Huyu ana miaka ishirini ndani
na jembe amelikalia.

Ziko na nyingine, za akiba,
zilizojilaza ubavuni mwa uzi wa msuli
kama mbegu darini.
Zamani jiwe likichana, ziliamka gizani,
zikashona, zikarudi kulala.
Leo unabisha hodi,
unabisha,
na anayefungua hakumbuki sindano iko wapi.

Sampuli namba arobaini na moja haina jina.
Sheria ndiyo hiyo, na sheria nimeisaini.
Lakini wiki ile Baba alirudi akichechemea,
bandeji pajani, akasema kondoo kampiga pembe.
Kondoo wetu tuliwauza mwaka juzi.

Nilihesabu buluu mara mbili,
kama mdaiwa anayetumaini karani kakosea.
Nje tramu hakuna, kengele hakuna,
mvua tu ya Donostia, ile isiyojua kuanza wala kwisha.

Nilimwambia habari za panya wetu:
tumewapa dawa ya kufukuza wageni hao,
na panya vikongwe wakakimbia tena kwenye gurudumu.
Alitafuna mkate polepole.
"Na huyo panya," akauliza, "alinyanyua nini?"

Dawa ya watu bado. Labda. Sijui.
Nilichokuwa nacho ni karatasi ya mazoezi kutoka kwa Garazi wa kliniki:
keti, inuka, bila mikono, mara kumi.
Akaisoma. Akaikunja. Akaitia chini ya sahani.

Jioni nikamwona uani, kupitia dirisha la jikoni.
Amelikalia jiwe.
Mikono kaikunja kifuani, kidevu juu, kama mbele ya umati,
akainuka.
Akaketi. Akainuka.
Magoti yalitetemeka kama meza ya mguu mfupi.
Kilo sitini na nane, nyama na mifupa na ukaidi,
zikipanda, zikishuka,
na chini yake mia na hamsini zikitazama.

Ya saba haikuja.
Alibaki pale, akifuta shingo kwa mkono wa shati,
na bila kugeuka akaniambia,
maana alijua tangu mwanzo kwamba nipo:
"Kesho nane.
Na hiyo mizani yako
irudishe kwa ndama."